Alamu ya saa kumi alfajiri sio saizi yako, mdogo wangu

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo dada. Nina miaka 34, nimeajiriwa, nina watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu na bado anaamka usiku. Mume wangu si mbaya, nikimwambia anisaidie anasaidia, ila mpaka niseme. Nina malengo matatu, kumaliza mtihani wangu wa uhasibu ambao nimeuahirisha mara mbili, kuanza mazoezi na kuweka akiba. Kila nikianza naweka alamu saa kumi alfajiri kama wanavyoshauri, naenda vizuri siku nane au tisa, alafu mtoto anaumwa au kazini kunabana, nakosa siku moja, na nikikosa moja basi tena, naacha yote. Mtihani uko miezi mitano mbele. Je tatizo langu ni uvivu? Na je niwatangazie watu malengo yangu ili niogope aibu, au nikae kimya?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu kabla sijaanza kuandika, mana kwenye hii kazi ya ushauri nimekaa na wanawake wengi mno wenye hadithi kama yako na karibu wote wanakuja na neno hilohilo ulilotumia wewe, uvivu. Tuliweke pembeni kwanza. Mtu mvivu haamki saa kumi alfajiri siku tisa mfululizo huku mtoto kamuamsha mara mbili usiku huohuo. Nguvu unayo, tena nyingi kuliko unavyodhani, ila umeimwaga kwenye ratiba ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya maisha unayoishi wewe.

Hebu piga hesabu na mimi. Unalala saa ngapi kweli, saa tano usiku? Mpaka saa kumi hayo ni masaa matano. Toa nusu nusu saa mara mbili za kumbembeleza mtoto, umebaki na manne. Mtu mzima anahitaji angalau saba. Kwaiyo siku ile ya tisa au ya kumi unapoanguka, ni mwili ndio umegoma, na una haki ya kugoma. Sisemi kuamka mapema ni kubaya, kuna watu kunawafaa sana, ila hao wanaokushauri ukiwaangalia vizuri wengi usiku wao ni wa kwao, wakilala wamelala. Wewe usiku wako una mwenyewe mwingine na ana mwaka na nusu. Kwaiyo alamu hiyo ifute leo, kabisa, usiiache hata kwa "labda".

Sasa nikueleze tabia inavyojengeka kwenye kichwa cha mtu, mana ukielewa hapa mengine yote yatakuwa mepesi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Wendy Wood, yeye na wenzake mwaka 2002 walichapisha utafiti ambao watu waliandika kila saa wanachofanya na wanachowaza wakati huo, wakakuta kama asilimia 43 ya vitu watu wanavyofanya kwa siku vinafanyika karibu kila siku, sehemu ileile, na mara nyingi akili yenyewe iko kwengine. Fikiria unavyopiga mswaki. Hujawahi kukaa kitandani ukajiuliza leo nina motisha ya kupiga mswaki au sina. Unaingia bafuni, mkono unaenda wenyewe. Bafu ndo lililokuita. Mi napenda kusema kila tabia ina kengele yake, na kengele ni kitu kilichopo tayari kwenye siku yako, mahali au tukio, ambacho kikitokea mwili unajua kinachofuata.

Na hapa kuna kitu kizuri sana kwa mtu kama wewe ambaye siku ngumu ni nyingi kuliko nyepesi. Mwaka 2013 David Neal, Wendy Wood na Aimee Drolet walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa chuo wiki za kawaida na wiki za mitihani, wakaona wakati wa mitihani, watu wamechoka, hawana nguvu ya kujizuia, wale waliozoea kifungua kinywa kibovu walizidi kukila, LAKINI na wale waliozoea kizuri nao walizidi kukila kizuri. Yani ukichoka haurudi kwenye ubaya, unarudi kwenye mazoea, yawe yapi. Ndo mana nataka tujenge kitu kidogo kilichokaa vizuri, kwasababu siku mtoto ana homa na bosi anataka ripoti, hicho kidogo ndicho kitakachokubeba wakati motisha imeshaondoka zake.

Kuhusu muda. Umesikia siku 21, kila mtu amesikia. Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, Marekani, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Kuizoea sura kwenye kioo! Hakuwa anaongelea mtu anayejifunza kukaa na kitabu cha uhasibu kila siku. Waliokuja kupima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, wakafuatilia watu 96 kwa siku 84, kila mmoja kachagua kitu chake kidogo, kuna wa glasi ya maji, kuna wa tunda, kuna wa kukimbia. Wastani ulitoka siku 66, ila aliyewahi zaidi ni 18 na kwa aliyechelewa zaidi makadirio yao yalifika 254. Na waliochagua mazoezi walichukua muda mrefu kuliko wa maji. Kwaiyo we uliyekuwa unajihukumu siku ya tisa, ulikuwa hata hujafika karibu, unang'oa mbegu kuangalia kama imeota.

Alafu kuna jambo kwenye utafiti huohuo ambalo nataka uliandike ulibandike mahali unapoliona. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mstari wa mazoea kwenye mchoro wao ulishuka kidogo ukaendelea kupanda. Kinachoharibu sio ile siku, ni yale maneno unayojiambia usiku wake. Watafiti Janet Polivy na Peter Herman walioshughulika miaka mingi na watu wanaojinyima kula walieleza hili vizuri, mtu akishaona amevunja sharti lake anasema si limeshavunjika, ngoja nile mpaka nichoke. Na wewe unafanya vilevile kwa kitabu chako, siku moja inaliwa na homa ya mtoto alafu wewe mwenyewe unaongezea miezi mitatu juu yake. Homa ilichukua siku moja tu mdogo wangu.

Tuje kwenye kazi yenyewe sasa. Malengo yako matatu hayalingani na hayatakiwi kuanza siku moja. Mtihani una tarehe, hausubiri, kwaiyo mtihani unaanza. Mazoezi yanafuata baadae, ntakwambia lini. Akiba tutaimaliza ndani ya siku moja wala haitakuwa tabia, itakuwa mtambo.

Mtihani. Tafuta kengele. Wengi hapa wanachagua saa, "saa mbili usiku ntasoma", na kwa mwanamke mwenye watoto saa ni kengele mbovu sana mana saa mbili usiku inafika ukiwa na mtoto begani, inapita, na ikishapita imepita. Chagua tukio. Alafu ulipime tukio hilo kwa swali moja, siku mbaya kabisa nayo litatokea? Wanawake wengi huniambia "nikishawalaza watoto", na linasikika zuri, ila jiulize mtoto wako akilala we mwenyewe unakuwa umebaki na nini, mana muda unaweza kuwepo na kichwa kisiwepo. Kwa maelezo yako mi ningechagua mchana kazini, nikishamaliza kula. Kula utakula tu, na muda ule mtoto hayupo wala mtu wa nyumbani hayupo, kichwa kina uhai bado. Dakika ishirini. Andika hivi kwa mkono, "Nikishamaliza kula mchana, naenda kukaa" (taja kiti, taja chumba) "nafungua daftari la maswali, najibu maswali kwa dakika ishirini."

Najua inaonekana kama mchezo wa kitoto kuandika sentensi kama hiyo. Naomba uiamini kidogo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amefanyia kazi sentensi za namna hii kwa miaka mingi, sentensi za "ikitokea hivi nitafanya vile", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakaona zinasaidia kweli watu kufikia walichokusudia, na sio kwa kiasi kidogo. Jaribio moja la Uingereza la mwaka 2002 ndo huwa natolea mfano, wanafunzi 248, kundi moja wakaachwa, kundi la pili wakapewa maelezo mazito kuhusu magonjwa ya moyo na faida ya mazoezi, kundi la tatu wakapewa maelezo hayohayo ila wakaongezewa kuandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya. Makundi mawili ya kwanza hata asilimia 40 hawakufika. Hili la tatu asilimia 91 walifanya mazoezi. Angalia vizuri hapo, wale wa kundi la pili walitishwa na kutiwa moyo na haikuwasogeza. Video zote za kukupa hamasa unazoangalia usiku zinakuweka kundi la pili.

Dakika ishirini zinatosha? Siku tano za wiki ni dakika 100. Wiki ishirini zilizobaki ni dakika 2000, masaa 33 na kidogo. Ongeza Jumamosi saa moja na nusu, wiki ishirini ni masaa 30. Unaingia kwenye mtihani na masaa 63 ambayo mara mbili zilizopita hukuwa nayo. Na dakika ishirini kila siku sio pungufu ya masaa mawili ya kujikaza mara moja kwa wiki, kichwa kinashika zaidi kitu kilichorudiwa kwa kuachana siku kuliko kilichomezwa siku moja. Ila usizitumie kusoma tu na kupiga mstari kwa kalamu ya rangi, hapo utajidanganya kwamba unaelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichukua wanafunzi wakawapa maandishi, wengine wakayasoma tena, wengine wakafunga wakajaribu kuandika wanachokumbuka, na baada ya wiki moja waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Kwaiyo we anza na swali, jibu bila kuangalia, kosea, alafu ndo ufungue kitabu uone ulikosea wapi. Inauma kidogo, na ndo namna ya kusoma inayomfaa mtu mwenye dakika ishirini. Simu iache kwenye meza yako ya kazi, usiende nayo. Usiigeuze kifudifudi ukasema imetosha, iache chumba kingine.

Sasa ile Jumamosi, na hapa ndo nataka tukae kidogo mana ndo penye shida yenyewe ambayo washauri wengi wanaipita haraka. Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye ripoti yake ya mwaka 2018 lilihesabu kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, wastani wa dunia mwanamke anatumia masaa 4 na dakika 25 kwa siku, mwanaume saa 1 na dakika 23. Zaidi ya mara tatu. Lakini hata hiyo hesabu haionyeshi kitu ambacho nadhani ndo kinachowamaliza zaidi wanawake, kwamba muda unaobaki haubaki mzima, unabaki vipande vipande na kila kipande mtu anaweza kukiingilia. Mama soksi iko wapi. Mama kaniangalia vibaya. Mke wangu ile karatasi uliweka wapi. Tabia yako mpya haiishi peke yake, inaishi katikati ya tabia za watu wengine, na tabia yao mojawapo, ambayo wewe mwenyewe umewajengea kwa miaka kwa upendo kabisa, ni kwamba wewe unapatikana muda wote. Kengele yao ni wewe. Wakikuona tu umekaa wanakumbuka shida. Ukijenga tabia yako bila kugusa hiyo yao, utakuwa unajenga kibanda njiani.

Umesema mume wako akiambiwa anasaidia, ila mpaka useme. Nakuelewa mno. Mi mwenyewe nilipokuwa namalizia masomo yangu nikiwa na watoto wadogo nilikuwa naomba msaada hivyohivyo, kila siku upya, na kila siku nilikuwa najiona mzigo, alafu hata nikiwa nimefunga mlango nasoma, nusu ya kichwa iko jikoni inasikiliza kama mtoto amepewa dawa. Nilichokuja kuelewa nimechelewa ni kwamba nilikuwa nagawa kazi lakini sigawi mawazo. Kukumbuka, kupanga, kukagua, vyote vilibaki kwangu. Kwaiyo we usiombe msaada, gawa eneo zima. Kaa nae siku mmetulia, sio katikati ya ugomvi, umwambie, "Jumamosi kuanzia watoto wakishamaliza kula asubuhi mpaka saa tano, watoto ni wako, wakilia ni wako, nguo zao ni zako, ukisahau kitu utakipata mwenyewe, mimi sitakuwepo kwenye hiyo nyumba." Na usiwepo kweli. Toka. Kama kuna maktaba nenda, kama kuna ofisi inafunguliwa nenda, kama kuna nyumba ya ndugu isiyo na makelele nenda. Mwanamke anayesoma chumbani watoto wakiwa sebuleni hajatoka.

Na kuna sharti lako wewe. Ukirudi ukakuta mtoto kavaa nguo haziendani na sebule imepinduka, nyamaza. Ukisahihisha mbele yake umelichukua tena lile eneo zima ulilompa. Wiki tatu nne za mwanzo atafanya kwa namna yake, itakukera, na baada ya hapo atakuwa na namna yake inayofanya kazi. Kama mama hana mume au yuko na mwenza asiyekubali kabisa, maongezi hayahaya yanafanyika na dada, na mama, na jirani mwenye mtoto wa umri mmoja mkapeana zamu, wewe unakaa na wake nae anakaa na wako, ila lazima yawe ya namna hii, eneo zima na muda unaojulikana, sio "nikikwama ntakuita".

Akiba niipitie haraka. Usiitegemee nidhamu ya mwezi hadi mwezi. Nenda mara moja ukaweke maagizo kwamba siku mshahara unaingia kiasi fulani kinahama chenyewe kwenda akaunti ambayo haina kadi wala haiko kwenye simu yako, kiasi kidogo ambacho hutakihisi, utakiongeza baadae. Watafiti Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin waliwapa wateja wa benki moja Ufilipino akaunti ambazo huwezi kutoa mpaka ufikie tarehe au kiasi ulichojiwekea mwenyewe, matokeo yakachapishwa 2006, na baada ya mwaka mmoja salio la waliopewa nafasi hiyo lilipanda kwa asilimia 81 ukilinganisha na wasiopewa. Walivyoendelea kufuatilia wakaona pia wanawake wenye hizo akaunti walipata sauti zaidi kwenye maamuzi ya nyumbani. Hiyo ya mwisho huwa inanigusa sana. Kwaiyo hiyo kazi imalize wiki hii uisahau.

Mazoezi. Usianze mpaka ufike siku ambayo umemaliza kula mchana na kujikuta kwenye kile kiti bila kubishana na nafsi yako. Inaweza kuwa wiki ya sita, inaweza kuwa ya kumi. Ikifika, ongeza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa kasi, na siku mbili za kuimarisha misuli. Usiogope hiyo namba, mana mwongozo wao wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani la angalau dakika kumi mfululizo, kila dakika inahesabika. Kupanda ngazi kunahesabika. Kuongea na simu huku unatembea kunahesabika. Kumi za kuchuchumaa na kuinuka mtoto akiwa anacheza pembeni nazo ni misuli, tena mtoto atadhani ni mchezo atafanya na wewe. Tafuta kengele kama tulivyofanya kwa kitabu. Kuna dada mmoja muuguzi wa zamu, zamu zinabadilika kila wiki kiasi kwamba hakuna saa hata moja ya kutegemea, tukakubaliana kengele yake iwe kuvua yunifomu. Akivua yunifomu, iwe asubuhi au usiku, anavaa viatu vya kutembea kabla hajavaa nguo za nyumbani. Basi. Mwanzo alikuwa anavaa anatembea mpaka mwisho wa njia anarudi. Hiyo ya kuvaa viatu tu ndo ilikuwa tabia, kutembea kukaja kwenyewe.

Kabla ya mazoezi lakini, na naomba hili usilipite. Barua yako inanionyesha mtu aliyechoka sana. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani karibu wanawake 30 kati ya kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, na mwanamke anayeingia hedhi, aliyezaa, aliyenyonyesha, yuko kwenye hatari hiyo zaidi. Upungufu wa damu unafanana kabisa na uvivu ukiuangalia kwa nje. Nenda kapime. Na kama kuna kitu zaidi ya uchovu, kama vitu vilivyokuwa vinakufurahisha havikufurahishi tena, unalia bila sababu, unaona bora usingekuwepo, hiyo haitibiwi na ratiba wala sentensi za kuandika, huzuni ya baada ya kujifungua inaweza kuendelea muda mrefu na inatibika, mwambie daktari au muuguzi wiki hii usisubiri mtihani uishe.

Bado kuna siku mbovu. Zitakuja, we zipangie kabla. Kila tabia iwe na saizi mbili. Saizi ya siku nzuri ni dakika ishirini. Saizi ya siku mbaya ni swali moja. Moja tu. Mtoto kaumwa umebaki nae nyumbani, akishalala mchana unafungua daftari unajibu swali moja unafunga, na siku hiyo inahesabika kamili, weka alama kwenye kalenda ileile sawa na nyingine. Ukiwa kwenye siku za hedhi zinazokuuma, saizi ndogo, wala usijieleze kwa mtu. Ukiona wiki nzima umetumia saizi ndogo usijilaumu ila jiulize kama kengele bado iko sehemu nzuri, labda kazini wamebadilisha muda wa mapumziko, labda kiti chako kimekaliwa na mtu anayependa stori, ihamishe. Tabia ikigoma mimi huanza kukagua kengele kwanza, mtu baadae. Na ikitokea umekosa kabisa, hata hilo swali moja, sheria ni kwamba kesho yake unaanza na saizi ndogo, hulipi deni. Kulipa deni kumeua mipango mingi sana, mtu kakosa siku tatu anataka kusoma dakika themanini siku ya nne, anashindwa, anaacha.

Uliuliza utangaze au unyamaze. Lengo lenyewe nyamaza nalo. Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walichapisha majaribio, mojawapo la wanafunzi wa sheria ambao walikuwa na nia kubwa kabisa ya kuwa wanasheria, wale ambao nia yao ilisomwa na mtu mwingine wakaja kutumia muda mfupi zaidi kwenye kazi ya kutatua kesi kuliko wale ambao nia yao haikuonwa na mtu. Inaelekea ukishaonekana na watu kwamba wewe ni mtu wa aina fulani, moyo unashiba mapema. Ukiandika kwenye grupu "mwaka huu namaliza uhasibu" utapata pongezi arobaini, na zile pongezi zitakuwa tamu kupita kiasi. Na aibu unayoitaka ikulinde, kwa mtu anayejiita mvivu tayari haitakulinda, itakufanya ujifiche.

Ila watu wawili lazima wajue, na wajue kitendo, sio ndoto. Mume wako ajue Jumamosi. Na rafiki mmoja wa kazini, yule ambaye hana makuu, ajue kwamba ukimaliza kula huwa unaenda kukaa mahali fulani. Mwombe kila siku baadae kidogo akuulize swali moja, "umekaa?" Ukisema ndio, aseme haya. Ukisema hapana, aseme kesho. Asikuulize umefika sura ya ngapi.